Aliyelinda Mlango wa Choo

Shangazi yangu Verdell Gaither hakumwacha msichana yeyote wa ukoo wetu aingie choo cha watu peke yake. Kanisani, dukani, kwenye maonyesho ya kaunti, ukiinuka naye anainuka. Ukiwa ndani uliviona viatu vyake chini ya mlango, visigino vimekuelekea. Kwenye harusi ya binamu yangu, jamaa mmoja alimtania: "Bibie, humo mmeficha dhahabu?"

"Humo kuna mtoto wa watu," akamjibu. "Pita."

Mwaka 1965, hapa kusini mwa jimbo la Jojia, Marekani, wazazi weusi waliambiwa kwamba wakitaka wanaweza kuwachagulia watoto wao shule ya wazungu. Mjini kwetu waliothubutu walikuwa wawili tu: babu yangu Lonnie, baba yake Verdell, na baba wa msichana aitwaye Corliss Tarver. Verdell na Corliss walikuwa na miaka kumi na miwili. Waliingia pamoja, wakaketi nyuma pamoja, na chooni wakaenda pamoja: mmoja ndani, mwingine mlangoni. Hawakufundishwa na mtu. Siku ya kwanza tu ilitosha.

Kabla majani hayajapukutika, ghala la akina Tarver likachomwa moto. Corliss akarudishwa shule yetu ya zamani, Verdell akabaki peke yake.

Wasichana wa kizungu hawakukawia. Walimfungia chooni, wakaushikilia mlango kwa nje, wakammwagia kwa juu maji machafu ya kudekia.

"Oga, mweusi! Labda utatakata!"

"We, usimwogeshe sana, ataziba bomba letu!"

Aliporudi darasani ameloa chapachapa, mwalimu alimwuliza kama kwao hawana taulo. Darasa zima likacheka. Kuanzia siku hiyo Verdell hakutia tone la maji kinywani tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani, asije akabanwa.

Bibi yangu Ozella hakujua. Yeye alikuwa na vita vyake: mwanawe asikae kati ya wazungu tumbo likinguruma, wakapata la kusema. Lile paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, walilozoea kuliona mezani Krismasi tu, akawa analikata kila asubuhi.

"Kula, mama. Uwatazame machoni ukiwa umeshiba."

Angekataaje? Babu alikuwa amekwisha kufukuzwa kiwanda cha mbao kwa ajili yake. Alikula ile chumvi yote, akasukuma kikombe pembeni.

"Mbona hunywi maziwa?"

"Yananichefua, Mama."

Kufika adhuhuri ulimi ulikuwa unanata kinywani kama gundi.

Februari aliungua homa, mgongo ukamkata, akakojoa damu. Daktari aliyewapokea kwa mlango wa nyuma aliuliza kama mtoto huyu hunywa maji. Bibi aliona anatukanwa. "Tuna kisima, Daktari." Lakini walipokuwa njiani kurudi alisimama.

"Verdell. Nini kinaendelea huko shuleni?"

Akamweleza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitoa."

"Ningekutoa, ndiyo!"

"Sasa Baba atakuwa amefukuzwa kwa ajili ya nini?"

Jioni ile Bibi alichukua chupa ya mapichi ya kusindika, akamfunika mtoto koti la babu, wakaenda kwa mama yake Corliss.

"Dada Ruthel, nakuomba. Corliss arudi. Hata asisome. Asimame mlangoni tu."

"Dada Ozella, ghala nimeshatoa. Unataka nitoe na mtoto?"

"Wangu atakufa."

"Basi mtoe!"

"Nimtoe? Lonnie hana kazi, hakuna anayethubutu kumpa. Nikimtoa, watakuwa wameshinda, na njaa watuachie."

"Na wangu akirudi, safari hii watachoma nyumba. Tukiwa ndani."

Corliss alisimama nyuma ya mama yake, macho sakafuni. Wanawake wale walilia wameshikana. Kisha Bibi akaiacha chupa mezani, akamshika mwanawe mkono. Nimeiwaza sana jioni ile. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna kweli iliyomsaidia mtoto.

Homa iliposhuka, Bibi hakukata tena nyama. Alimwekea uji wa mahindi usio na chumvi, akageukia jiko, akakaa hivyo hivyo mpaka aliposikia mlango umefungwa. Verdell alikuwa amekwenda shule.

Alimaliza mwaka ule, na miaka iliyofuata, homa nyingine akizificha. Baadaye mahakama iliamuru watoto wote wasome pamoja, na vyoo vile vikajaa wasichana wa kwetu, wakipiga kelele na kusukana nywele. Yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Figo moja ilikufa angali kijana. Ya pili ilivumilia kama mwenyewe, mpaka nayo ikachoka, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine. Mwishowe mwili ukaikataa mashine pia.

Siku moja nilishinda naye hospitali. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havikuingia tena. Vilikaa chini ya kitanda. Nilidhani amelala. Alifumbua macho, akanitazama ninavyojigeuzageuza kitini.

"Umebanwa?"

"Kidogo, Shangazi. Naweza kungoja."

Alijaribu kujiinua kwa kiwiko, akashindwa. Akageuza uso kuelekea mlango wa choo, akaukazia macho.

"Usingoje. Nenda, mwanangu. Nitakulindia mlango."