Kiti Kilichosogezwa Mbele

Gari lilifika kwetu Nalufenya juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe wa Idi. Lilikuwa lile gari dogo la zamani la Kijerumani ambalo watu huliita kobe kwa sababu ya mgongo wake, injini nyuma na buti mbele. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, ukifungua mlango unaona nyasi. Mume wangu alisimama kando yake na kanzu yake ya Ijumaa, akaniuliza ninalionaje. Nikamwambia ninaona bati. Akacheka.

"Wewe subiri," akasema.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Ana duka Jinja na duka Mbale, na ana mke Jinja na mke Mbale. Mimi ndiye wa Jinja, wa kwanza. Wiki moja analala kwangu, inayofuata analala kwa mwenzangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nimejizoeza kutouliza kule kumepikwa nini. Niliamini wivu nimeshaumaliza, kama mtu anavyomaliza surua akiwa mtoto.

Gari likanipa kitu ambacho sikuwa nacho tangu tuoane: kazi ya sisi wawili. Kobe hana rejeta wala maji. Injini yake hupozwa na upepo wa feni tu, na nafasi za valvu zake hupimwa ikiwa baridi kabisa. Basi tukitoka kuswali alfajiri tuliingia kibandani kabla hata ya chai. Yeye alizungusha injini kwa spana. Mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu ni vyembamba, kwa hiyo ni mimi niliyepitisha kibati chembamba cha kupimia nafasi hizo.

"Inakwaruza?" ananiuliza.

"Kidogo."

"Basi acha hapo hapo."

Hatukuwahi kuzungumza kwa upole namna ile, hata siku za uchumba. Wiki zake za Mbale nilibaki nasugua kutu kwa msasa, na aliporudi nilimwonyesha nilipofika. Nilishona viti upya. Nilishona kitambaa cha dari, kazi ya kulala chali mpaka shingo inakufa ganzi. Nilijifunza kusikiliza: plagi mbovu ina mlio wake, kabureta iliyoziba ina mlio wake. Alipoamua kulibadilisha, alinishauri kila jambo. Umeme wa volti sita tukaufanya wa kumi na mbili ili taa zisiwe kama mishumaa. Akatia kabureta kubwa zaidi, na magurudumu mapana nyuma, kwa ajili ya tope.

Kisha siku moja nikamkuta amemleta mtu wa kuchomelea vyuma. Walikuwa wanarefusha reli za kiti cha dereva ili kiende mbele zaidi. Mume wangu ni mrefu. Magoti yake tayari yalikuwa yanagusa usukani. Akaniomba nishone na mto mnene wa kukalia.

Mimi ni mfupi. Nilishona ule mto kwa furaha ambayo naona haya kuieleza. Niliupiga mishono mara mbili. Sikumwuliza chochote, nikasema moyoni, mwache anishtukize. Nilianza hata kuangalia miguu ya madereva barabarani, namna wanavyokanyaga klachi. Jambo moja lilinipita: hakuwahi kuniambia nikae kwenye kiti hicho nijaribu.

Gari lilipokamilika alinizungusha mjini, tukafika hadi Bugembe na kurudi. Wiki iliyofuata akaondoka nalo kwenda Mbale. Akarudi kwa teksi.

"Kobe yuko wapi?" nikamwuliza.

"Nimemwacha kule. Mama wa kule anajifunza kuendesha, soko liko mbali na kwake."

Nikampakulia chakula. Nilipofika jikoni nilishika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma. Nilikuwa nimemwona mwenzangu mara chache tu, kwenye misiba na sherehe, lakini sasa nilimkumbuka vizuri: ni mfupi kuliko mimi.

Tangu hapo sikuwa mtu. Nilimwona akilini akikalia mishono yangu. Nilimwona ameegemeza kichwa chini ya dari niliyoishona, akipiga honi kuwasalimu majirani. Asubuhi kibanda kilikuwa kitupu, na mume wangu akawa anarudi kulala baada ya swala. Nilipomsikia akimwelekeza mwenzangu kwenye simu, "Toa klachi polepole, mama, polepole," nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo kama ninayeanua, na nguo hazikuwapo.

Baadaye mpwa wa mume wetu akaolewa Tororo. Mume wetu alitangulia na wazee. Mimi nikaambiwa nifike Mbale, kisha niende na mwenzangu kwa gari. Ningeweza kukataa. Nilienda kwa sababu nilitaka kuliona.

Alinipokea vizuri. Mimi Msoga, yeye Mgisu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha mume wetu. "Karibu, dada," akasema, akaniwekea vizuri gomesi yangu, lile vazi letu refu la sherehe, isibanwe na mlango. Aliendesha bila wasiwasi. Hilo liliniuma kuliko kama angeendesha vibaya. Kiti kilimkaa sawasawa.

Tulipokaribia Busiu taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi mbele yake. Hakupunguza mwendo.

"Taa hiyo," nikasema.

"Hiyo huwaka tu wakati mwingine. Gari hili halina maji, haliwezi kuchemka."

Nilisikia harufu ya oili ya moto. Na sauti ya nyuma ilikuwa imebadilika. Ule mvumo wa feni haukuwapo. "Simamisha," nikamwambia. "Simamisha sasa hivi, utaiua injini."

Akasimamisha mbele ya vibanda vya ndizi. Nikafungua nyuma. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Ndio huo huo unaozungusha dinamo, ndiyo maana taa inawaka. Ukikatika, hakuna upepo, na injini inajichoma yenyewe. Nilimweleza hivyo, kwa sauti ambayo nadhani haikuwa nzuri.

"Hakuniambia," akasema. "Alinifundisha kuendesha tu."

Chini ya gurudumu la akiba kulikuwa na mkanda mpya, nilioufunga mwenyewe kwa kipande cha kanga, na spana zake. Mwenzangu hakuwahi kupafungua. Lakini injini ilikuwa haishikiki kwa moto, ikabidi tungoje. Tukakaa kwenye benchi la muuza ndizi, wanawake wawili na gomesi za harusi, tukimenya ndizi mbivu. 

Yeye ndiye aliyeanza kuzungumza. "Dada, unajua ninavyoishi na gari hili? Likitoa mlio, anasema, mama wa Jinja angejua kasoro iko wapi. Nikifunga mlango kwa nguvu, anasema, mama wa Jinja aliusugua mlango huo mwezi mzima. Nilimwomba kitu changu mwenyewe. Akaniletea kitu kilichojaa wewe."

Sikutegemea kusikia hilo. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha.

"Mimi nilidhani kiti ni changu," nikamwambia.

Akaacha kumenya. "Kiti kipi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, maganda ya ndizi mapajani. "Hakukuuliza," akasema. "Na mimi hakuniuliza kama nataka lililotoka kwako."

Injini ilipopoa nilikunja mikono ya gomesi, nikalegeza puli, nikavalisha mkanda. Yeye alinishikia mshipi wangu usiguse oili, na nilipomwambia abane bisibisi kwenye puli isizunguke, alibana. Tulifika Tororo tumechelewa, kucha zangu nyeusi mbele ya wakwe.

Mume wetu aliporudi Jinja sikugombana naye. Nilimwuliza tu, "Haji, kile kiti ulimpimia nani?"

Akavua viatu mlangoni. Kisha akasema, "Wewe hukuniambia kama unataka kuendesha."

"Nimelala chini ya gari lile muda wote ule. Ulidhani nilitaka nini?"

Akachukua birika akaenda kutawadha, nami sikumwita.

Mwishoni mwa mtaa wetu anaishi askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kobe mwingine ambamo kuku walikuwa wanataga. Nilikwenda nikamwamkia, nikamwambia nalitaka.

"Afande mzima, nimeshindwa nalo," akasema. "Wewe mama utaliweza?"

"Nitajaribu, afande."

Akaniachia kwa gomesi mbili, moja ya mke wake na moja ya binti yake. Nilizishona kabla ya kulivuta nyumbani.

Mume wangu alipolikuta kibandani alivua koti. Nikamwambia asihangaike, apumzike. Alikaa mlangoni kwenye kigoda akinitazama nafungua kabureta, na mara mbili akataja spana inayofaa nikiwa tayari nimeishika. Baadaye akauliza nani amenionyesha kuondoa kichwa cha silinda. Nikasema nilimwona yeye. Nilijua anaumia, nami sikuharakisha kumwondolea.

Sasa gari linatembea. Halina kiti cha abiria bado. Nilijifunza kuendesha kwa mwalimu wa kulipwa, mzee mkali asiyejua kusifu, na juzi nilifika Bugembe peke yangu, mwili mzima umelowa jasho. Mwenzangu hunipigia kuniuliza mambo ya plagi, namjibu. Hatujawa marafiki. Akisema "Haji yuko hapa anakula," bado namwambia nina kazi, nakata simu, na usiku wa kwanza wa kila wiki ya Mbale chakula hakinipiti. Lakini asubuhi yake naingia kibandani injini ikiwa baridi, na mara nyingine adhuhuri inaadhiniwa sijamkumbuka Haji hata kidogo.