Fundi wa Sauti za Wakubwa

Kwenye kituo chetu cha redio, fundi wa sauti tulimwita Mawimbi, kwa sababu sauti alikuwa akiitazama, hakuisikiliza. Alikaa mbele ya kompyuta, spika zimezimwa, akikodolea macho vilima vya sauti kwenye skrini. Kilima kikiwa kifupi anakivuta juu, kikizidi urefu anakipunguza kichwa. Miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo, na alijiona bingwa!

Ubingwa wenyewe ulikwenda kwa cheo. Mfagizi akihojiwa, sauti yake ilitoka kama yuko ndani ya pipa. Mimi mtangazaji alinipa ya wastani, na kicheko changu alikififisha kabla hakijaisha. Mpaka leo sijamsamehe. Mkurugenzi ndiye aliyenguruma.

"Dada yangu, sauti ya mkubwa haiachwi chini," Mawimbi aliniambia bila haya.

Mwaka huo kiti cha mkuu wa studio kilikuwa wazi, naye alikitaka kufa na kupona. Mkewe alishashona gauni la sherehe ya kituo, ambako mkuu mpya angetangazwa. Mkurugenzi akaja na msaidizi wake kurekodi hotuba ya kufungulia sherehe. Mawimbi akawasha mitambo, akatoka kwa adabu awaachie wakubwa nafasi. Aliporudi akakuta hotuba, na katikati yake vilima vidogo sana. Fundi mwingine angesikiliza. Yeye akadhani mkubwa kaishiwa pumzi, akamwonea huruma, akabonyeza kitufe cha kusawazisha. Kila palipokuwa chini pakapanda.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele na mkewe, tai imemkaba. Spika zikaanza: "Ndugu wafanyakazi, sisi ni familia moja." Kisha, kwa nguvu ileile, bila mkwaruzo, yale aliyomnong'oneza msaidizi wake: "Kiti nampa mpwa wangu. Huyu aliyetoka tutampoza na cheti, atashukuru tu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wa kwanza nilikuwa mimi, nakiri, na nilifurahi kwelikweli. Mkurugenzi akainuka, jasho linamtiririka.

"Mawimbi! Kwa nini hukukata hapo?"

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ni sauti yako, mheshimiwa. Ningeikataje?"

Hakuwa anatania. Kicheko kikanikauka mdomoni. Mkewe aliinama, akaokota mkoba wake, akaanza kutoka peke yake.