Ng'ombe Mia Sita wa Nyawira Waliokwama Kutus

Haya ninayoandika hapa hakuna atakayeyaamini, na simlaumu mtu. Hata mimi ningeyasikia kwa mwingine ningemwambia apunguze pombe ya muratina. Lakini Nyawira ni mtoto wa dada yangu, na akili zile hakuziokota barabarani. Zimetoka upande wetu.

Nyawira ndiye anayepandisha ng'ombe huku Mukurweini. Fahali wa siku hizi hafugwi bomani. Anakaa akiwa mbegu tu ndani ya mrija mwembamba, umegandishwa kwenye mtungi wa baridi kali, na mtungi umefungwa nyuma ya pikipiki. Mwaka wa kwanza wanaume walimcheka alivyokuwa akipita na gambuti zake na glavu inayofika begani. "Mwanamke ataweza kazi ya kuingiza mkono huko?" Leo hao hao wanampigia alfajiri wakimwita daktari, sauti zimelainika kama za watu waliokwenda kuposa.

Sasa sikieni ujanja wake. Wenzake wanaandika kadi tu, na kadi inaliwa na mbuzi au inawashia jiko. Nyawira alimwingiza kila ng'ombe kwenye simu kama mtu. Mahali pa jina anaandika jina la ng'ombe na mwenyewe, fahali aliyetumika, tarehe na tabia. Mahali pa namba anaweka ya mwenye ng'ombe. Kwa hiyo mkulima akipiga, simu haisemi ni Kingori. Inasema "Karembo wa Kingori, Msafiri, tarehe nne Juni, anapiga teke." Naye Nyawira anajibu, "Eeh, Karembo anaendeleaje?" kabla mzee hajasalimu. Watu wakaona huyu ana kichwa cha ajabu. Alikuwa nacho, ila nusu yake ilikuwa mfukoni.

Miaka minane hivyo, ng'ombe mia sita na ushee. Halafu Jumatano moja ng'ombe mmoja wa kule Wamagana akaikanyaga hiyo simu.

Alhamisi asubuhi Nyawira alikuwa kwa Jackie, fundi wa simu hapo sokoni, na simu mpya mkononi. Jackie aliunganisha zile mbili kwa waya. Ya zamani ilikuwa inawaka na kuzimika kama tochi yenye betri chovu, lakini ilijikaza: picha zikahama, ujumbe ukahama, hata nyimbo za kwaya. Ikawaka mara ya mwisho, ikafa.

"Ng'ombe wako wapi?" Nyawira aliuliza.

"Wangapi?"

"Wote! Tafuta majina."

Jackie alitafuta. Hakukuwa na jina hata moja. Kulikuwa na ujumbe katikati ya kioo cha simu mpya, na Jackie aliusoma kwa sauti: "Karibu tena, Mutuku Kutus. Weka nenosiri lako."

Kando ya kaunta alikuwa amesimama Masinde, askari wa kituo, amekuja kununua chaja.

"Mama," Jackie akasema polepole, "hii simu ya zamani ulitoa wapi? Kwa sababu yenyewe inajijua ni ya mwanaume anaitwa Mutuku."

Nyawira alihisi masikio yanawaka moto. Miaka minane kuitwa daktari, na sasa anaangaliwa kama mtu aliyepora simu stendi.

"Nilinunua! Na risiti!"

"Risiti iko wapi?" Masinde akauliza.

"Afande, ng'ombe yako iko ndani ya hiyo simu. Jeska. Nilimpandisha mwezi wa tatu."

Masinde aliangalia simu, akaangalia dari. "Basi haijaibwa," akasema, akalipa chaja yake.

Jackie alijaribu njia nyingine. Simu mpya ikasema: ujumbe umetumwa kwenye simu yako nyingine, fungua ubonyeze Ndiyo. Simu gani nyingine? Ile nyingine ilikuwa maiti hapo kwenye kaunta. Wakasubiri. Baada ya dakika moja jibu likaja: umekataliwa. Wakajaribu tena. Umekataliwa. Mara ya tatu Jackie aliondoa mkono kama aliyeguswa na waya wa stima.

"Kuna mtu mahali anakataa," akasema. "Kuna mtu amekaa na akaunti yako na anabonyeza Hapana."

Na hapo ndipo simu mpya, yenye laini ya Nyawira, ikalia. Namba tupu, bila jina la ng'ombe.

"Nani?" Nyawira akauliza.

"Ati nani? Daktari, ni Kinyua! Leo umenisahau?"

Neno hilo lilimchoma. Kinyua anaishi pale chini mtoni, na mtamba wake, binti wa ng'ombe wake Nduta, alikuwa ameanza kupanda wenzake tangu alfajiri, dalili ya kutaka fahali. Mtu mwingine alishampandisha mara mbili bila kushika. "Akikosa ya tatu nampeleka bucha," Kinyua akasema. "Kuja kabla ya jioni."

"Nduta alipomzaa huyo, nilitumia fahali gani?"

"Si wewe ndiye unajua? Kadi, mama alikoka nayo moto."

Mtungini Nyawira alikuwa na mbegu za mafahali wawili tu, Kamanda na Msafiri. Mmoja wao ndiye baba wa yule mtamba, kwani kwa Kinyua hajawahi kutumia mwingine. Na kumpandisha binti kwa baba yake ni kutafuta ndama mwenye kasoro: dhaifu, au asiyefika siku za kuzaliwa. Moyo wake ulimwambia ni Msafiri aliyemzaa, basi atumie Kamanda. Lakini Nyawira hapandishi kwa kuambiwa na moyo. Hilo nalo ni la upande wetu.

"Jackie, kule Kutus ndiko nilinunua hii simu," akasema. "Nilikuwa nimeenda harusi. Aliyeniuzia alikuwa kijana Mkamba. Jina lake Mutuku."

"Mpigie."

"Namba yake iko ndani ya hiyo maiti."

Akatia mguu kwenye pikipiki. Mukurweini, Karatina, Sagana, Kutus, na mtungi nyuma. Ilipofika saa sita alikuwa anauliza Mutuku wa simu, naye akaonyeshwa Mutuku wa mchele, kwa sababu simu zilimshinda akahamia magunia. Alikuwa amenenepa, lakini alikuwa ndiye.

"Akaunti?" Mutuku alicheka mpaka gunia likatikisika. "Wee mama, siku hizo mtu ananunua simu inauliza akaunti, yeye anataka kuwahi gari. Niliwafungulia wateja na jina yangu. Yako haikuwa peke yake! Mlikuwa watatu kwa moja: wewe, mzee mmoja alienda zake mbinguni, na Benter wa saluni."

"Kwa hiyo nikiandika jina kwa simu yangu..."

"Linaingia kwa yake. Na yake kwa yako."

Miaka minane simu ya Nyawira ilikuwa na majina kama "Rasta Ndogo Ijumaa" na "Yule wa Kuchelewa", na siku zote aliamini simu ilitoka nayo kiwandani.

"Nenosiri ni gani?"

"Hiyo nilisahau kabla hujafika Sagana."

Saluni ya Benter ilikuwa mlango wa tatu. Benter mwenyewe ni mama wa Kisumu, mkubwa wa mwili na wa sauti, na alikuwa na kichwa cha mteja mkononi.

"Dada, habari. Naitwa Nyawira, nimetoka Mukurweini. Ni mimi nimekuwa nikiomba kuingia..."

"Ni wewe!" Kitana kikasimama hewani. "Tangu saa mbili simu inaniuliza kama ni mimi najaribu kuingia. Nabonyeza hapana, inarudi. Nabonyeza hapana, inarudi. Nilikuwa naenda polisi! Wakora mmezidi."

"Mimi si mkora. Wale ng'ombe ni wangu."

Benter aliketi taratibu kwenye kiti cha mteja, mteja mwenyewe akiwa bado yuko hapo. "Wale ng'ombe," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka minane naona majina yanaingia. Niliuliza pasta, akaniambia nisifute mpaka tujue. Sasa wewe, kama ni wako, nijibu." Akatoa simu, akaificha kifuani kama karata. "Karembo wa Kingori?"

"Anapiga teke. Msafiri, mwezi wa sita."

"Rosi wa Watiri?"

"Wa kule Wamagana. Mapacha. Niliandika tumwombee."

"Nilimwombea!" Benter alipiga goti lake. "Mwezi mzima! Alizaa?"

"Wawili, wote majike. Wanakamuliwa sasa."

Benter alifuta jicho kwa taulo ya saluni. Akauliza wa nne, wa tano, wa kumi na tano. Nyawira alisimama pale na gambuti zake akijibu kila mmoja: jina, boma, fahali, tabia. Wateja waliacha vioo wakageuza viti. Mwanamke mmoja mwenye rola kichwani akaanza kupiga makofi kila jibu likiwa sawa, wengine wakamfuata.

"Nduta wa Kinyua?" Benter akauliza.

Nyawira angeweza kubahatisha, nafasi ilikuwa nusu kwa nusu, na watu walikuwa upande wake.

"Huyo sijui," akasema. "Huyo ndiye amenitoa Mukurweini. Binti yake ananingoja, na nikikosea namharibu."

Yule wa rola alishusha mikono. Benter akatoa simu kifuani.

"Mkora angejua wote," akasema. "Leta hiyo yako. Sema inauliza nini."

Simu mpya ilionyesha namba sitini na tatu. Ya Benter ikatoa namba tatu achague moja. Kidole kinene chenye rangi nyekundu kikabonyeza sitini na tatu, kisha Ndiyo. Na ng'ombe wakaanza kuingia, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, kama wanavyorudi kutoka joshoni jioni. Nyawira alishusha kioo mpaka herufi ya N.

Nduta wa Kinyua. Kamanda. Tarehe kumi na tisa Januari, miaka mitatu iliyopita.

Kamanda! Yule aliyekuwa amwingize kwa kuambiwa na moyo. Akamkumbatia Benter na mafuta yake yote ya nywele.

"Nitafungua akaunti yangu mwenyewe, kwa jina langu," akasema. "Hutasumbuliwa tena."

"Fungua. Lakini hawa usinitolee," Benter akajibu. "Na Rosi akishika tena niambie."

Saa kumi kasoro alikuwa mtoni kwa Kinyua, amevaa glavu. Mrija alioutoa mtungini ulikuwa wa Msafiri. Kinyua alikuwa ameshika mkia, akilalamika kwamba amengojeshwa kutwa.

"Umetoka wapi siku nzima?"

"Kutus. Kuuliza baba ya huyu."

"Ukaenda mpaka Kutus kuuliza ng'ombe yangu mimi?"

"Sasa ningeuliza nani? Kadi mliichoma."

Kinyua akakaza mkia. Na mbegu ilishika, msiwe na wasiwasi, ilishika siku hiyo hiyo, na ndama aliyezaliwa, jamani, alikuwa na kilo tisini, alisimama kabla mama yake hajageuka, akapanda kilima mwenyewe mpaka sokoni watu wakafunga maduka kumwangalia, na sasa anatoa lita sabini kila asubuhi, hata wageni wanakuja na mabasi kutoka—

"Anko!" Nyawira akanikatiza, anasoma nyuma ya bega langu. "Yule mtamba ana mimba ya miezi mitano. Ni ndama gani huyo unayemkamua?"