Niliwaita Kura, Wakaja na Sahani

Ilianza Jumapili saa saba mchana. Mimi, mwoga wa kuongea, nilijitolea kutangaza kanisani kura ya maoni, maana huku kijijini Tetu watu walisema siku hiyo watabaki shambani. Nikasema, "Jumanne kila mtu aje shuleni kura." Na kwetu kula na kura tunatamka sawa.

Jumanne bibi kizee jirani yetu, Cucu Wanja, akafika na wenzake kwenye foleni yetu shuleni, sahani mkononi.

"Kairitu, msichana wangu, si ulisema tuje kura?"

"Ndiyo cucu, kura."

"Haya, pakua."

Foleni yote ikacheka. Cucu akanitazama nikitaka kulia, akarudisha sahani kwenye kiondo.

"Vile nimetembea, sirudi bure. Tupange laini."

Wote wakapiga kura.

Asubuhi iliyofuata nilimkatia ng'ombe wake nyasi, kwa sababu kusema asante kulinishinda.