Mama Sifuri na Mashine ya Tisa

Saa mbili asubuhi. Chai ya karani wa vifaa imeshafanya utando, naye hajaigusa. Macho yameganda kwenye kompyuta, na amesonya hadi fundi aliyesimama mlangoni anaogopa kuingia.

"Nane," anamwambia. "Naona nane tu."

"Tulishusha tisa kwenye lori, mama. Mgongo wangu haujasahau."

Hapa hospitalini wanamwita Mama Sifuri, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ndiye anayetunza kumbukumbu za vifaa zaidi ya elfu nne, kuanzia vitanda hadi mashine za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kila kifaa kina msimbo wake. Ukitaka akutafutie, huandika amri fupi, kompyuta ikazichuja kumbukumbu zote na kumwachia zile tu zinazolingana.

Leo hana mzaha. Kiwanda kimetuma onyo: waya wa mashine za joto zenye msimbo unaoanza na JT0 unaweza kushika moto. Zote zitolewe wodini mara moja. Nane zimeshatolewa. Ya tisa iko wapi?

"Kompyuta haijui kubahatisha," anafoka. "Ukiiambia sifuri, inakuletea sifuri. Lakini watu wa hapa wanaandika herufi O, wanasema si duara tu!"

Anafuta sifuri, anaandika O. Mashine ya tisa inajitokeza peke yake. Kando yake pameandikwa: wodi ya watoto wachanga, inatumika.

Anadaka simu. "Mwanangu, hiyo mashine ya joto iliyobaki hapo ina mtu?"

"Ina mtoto, mama," anajibu muuguzi. "Kalala vizuri."

"Mtoe! Sasa hivi! Halafu chomoa waya!"

Fundi anatoka mbio. Anarudi na waya uliobabuka, mweusi kwenye kiungo. Mtoto ni mzima, amehamishiwa mashine nyingine. Mama Sifuri anaupokea waya, anaulaza kando ya kompyuta. Kisha hasira inamrudia.

Muuguzi anakuja mwenyewe kuomba radhi, maana ndiye aliyeiandikisha mashine ile. "Lakini mama, si vinafanana?"

"Hata chumvi na sukari vinafanana, mwanangu. Tia chumvi kwenye chai yako uone."

Ameomba mara nyingi kompyuta ziwekewe kizuizi, zikatae O mahali pa sifuri. Jibu ni lile lile: tunalishughulikia. Amechoka kulisikia.

"Nyumbani nako mume wangu ananicheka," anasema. "Eti nikikaanga yai, kwanza naliuliza kama ni sifuri au O."

Sasa hasubiri mtu. Kuanzia kesho atapita wodi kwa wodi, asome kibandiko cha kila kifaa na kusahihisha msimbo wake, mpaka O ya mwisho iishe kabla hajastaafu.

"Na wakirudia, nitang'oa kitufe cha O kwenye kila kompyuta."

"Oksijeni wataiandikaje?" anauliza fundi.

"Kwa mkono!"

Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, anapita wodini. Muuguzi anamwonyesha mtoto, amelala, ngumi yake ndogo shavuni. Mama Sifuri anainama kwanza kwenye kibandiko cha mashine, anakisoma herufi kwa herufi.

Ndipo anamtazama mtoto.