Kichwa Unasoma, Kidevu Unanyamaza: Mwaka wa Vitabu Kibandani kwa Kinyozi

Saa tatu asubuhi, mteja wa kwanza ameshafungwa shuka shingoni, mashine inanguruma juu ya sikio lake, na kinyozi tayari amekasirika.

Kosa la mteja ni dogo. Ameona kitabu kinene kwenye rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, akanyoosha mkono kukifunua.

"Weka chini!" Mashine inazimwa. "Kirudishe kama ulivyokikuta. Hapa hakusomwi tena."

"Sasa si wewe uliyenilazimisha kusoma mara ya mwisho?" mteja anashangaa. "Nikasema nina haraka, ukaniambia nikanyolewe na mama yangu."

"Ndiyo, nilisema. Na leo nasema acha. Inamisha kichwa."

Kwenye benchi la ukutani watu wanacheka chini chini. Wanajua kisa chote, maana wao ndio waliokisababisha.

Wateja humwita Wembe. Ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye kauli ya kukatisha na mikono mitulivu. Kibanda chake ni cha mabati, kina kiti kimoja cha kuzunguka na kioo chenye ufa pembeni. Kichwa kimoja humpatia fedha ya mkate na sukari kidogo, kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni shughuli yake kubwa ni kuhakikisha kiti hakikai kitupu.

Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye sasa ni muuguzi wa zamu za usiku katika mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Mama yake ndiye aliyekuwa muongeaji," anasema Wembe. "Mimi nilikuwa napewa simu mwishoni, nisalimie, niseme haya mwanangu, basi. Alipotutoka, ile simu ikaniangukia mimi. Sasa useme nini, jamani? Mimi ni mtu wa kuuliza nipunguze au nimalize."

Kila Jumapili binti alipiga. Hujambo, sijambo. Umekula? Nimekula. Kazi? Tunamshukuru Mungu. Kisha kila mmoja alisubiri mwenzake aage.

"Siku moja nikamsikia anapiga miayo," Wembe anasema. "Nikajua huyu ananipigia kama mtu anayemeza dawa. Siku akisahau dozi moja, ndiyo basi tena. Nitabaki na mtoto wa kwenye picha."

Ni binti huyo aliyekuja na wazo. Wenzake kazini walikuwa wamejiwekea shindano la kusoma riwaya moja kongwe kila mwezi kwa mwaka mzima, zile ambazo kila mtu anazisifu na hakuna anayezimaliza. "Baba, tufanye wote wawili," alimwambia. "Halafu Jumapili tunaongelea kitabu." Wembe alikubali kabla ya kuuliza vitabu vyenyewe vina kurasa ngapi.

"Kifurushi kilipokuja nilidhani kanitumia matofali," anasema. "Nikafungua. Maandishi madogo kama sisimizi! Nikasema mtoto huyu ana nini na mimi?"

Jioni alijaribu kusoma, usingizi ukamshinda ukurasa wa pili. Mchana mikono ilikuwa kazini. Ndipo alipopata akili ambayo aliiona ya maana sana wakati ule: mikono ya mteja haina kazi, macho yake hayana kazi, basi asome yeye.

Akatunga sheria ya kibanda: kichwa unasoma, kidevu unanyamaza. Anayenyolewa nywele anapewa kitabu na kusoma kwa sauti. Wembe ukifika kwenye ndevu, hadithi inasimama hapo hapo, hata kama mtu yuko mlangoni na panga, kwa sababu mdomo unaotikisika chini ya wembe ni balaa. Anayefuata anaendelea pale mwenzake alipokomea.

Watu walinung'unika, halafu wakazoea, halafu wakanogewa. Mchukuzi mmoja wa sokoni alikuwa akirudi kila baada ya siku mbili kunyolewa nywele ambazo hazijaota.

Ila usomaji wenyewe ulikuwa adhabu. Kulikuwa na tarishi aliyesoma kila kitu, hata harusi, kwa sauti ya tangazo la msiba. Kulikuwa na dereva wa lori ambaye akikuta mvua inanyesha kitabuni, anairuka.

"Nikamuuliza, mbona umefunua kurasa mbili? Ananiambia, mvua tupu hiyo, mzee, hakuna kinachotokea. Mvua tupu! Mtu kakaa chini akaiandika, wewe unaona haina kazi?"

Na wahusika nao walimpandisha presha. Katika kitabu cha mwezi wa nne kulikuwa na mjane wa baharia, mwanamke mwenye nyumba yake na akili zake, aliyekubali kuolewa na mwanamume ambaye benchi zima lilishamkataa. Wembe aliposikia "ndiyo" ya yule mama, mkono ulimwenda na mashine. Akamchimbia mteja barabara katikati ya kichwa, kutoka kisogoni hadi utosini. Ilibidi amnyoe kipara, bure, huku akiendelea kumfokea mjane.

Hata hivyo Jumapili zilibadilika. Baba na binti walibishana juu ya mjane mpaka simu ikawa moto sikioni. Alisikia binti yake akipandisha sauti, akimwambia, "Hapana baba, hapo umekosea kabisa," na akatamani siku hiyo isiishe. Miezi ikaenda hivyo, hadi ilipofika zamu ya fundi viatu.

Fundi viatu ni jirani wa kibanda cha pili na rafiki wa Wembe tangu ujana. Kilikuwa kitabu cha mwezi wa nane, kisa cha mzee tajiri wa chumvi na wanawe waliogombea ghala. Zilibaki kurasa chache. Fundi alikaa kitini, akafungua kitabu, akakohoa, akaanza. Kwa jinsi alivyosoma siku hiyo, hata wapita njia walisimama. Tajiri wa chumvi alikufa kifo kibaya, peke yake, juu ya magunia yake. Mchukuzi wa sokoni alilia waziwazi.

Jumapili Wembe hakungoja salamu. "Nimeumia sana," akamwambia binti yake. "Mzee wa watu kufa vile, juu ya magunia!"

"Mzee yupi?"

"Si huyu wa chumvi."

"Baba, hafi. Mpaka neno la mwisho yuko hai. Anawasamehe wanawe, wanakula pamoja."



"Baba, hivi vitabu unavisoma kweli?"

Wembe akababaika. Akasema wateja humsaidia kidogo. Kidogo kivipi? 

"Kama hutaki kuongea na mimi ungesema tu, baba," binti akasema. "Nisingekusumbua." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi Wembe alimfuata fundi viatu na kitabu mkononi. Mbele ya watu, fundi akakiri: miwani alikuwa ameisahau nyumbani.

"Benchi lilikuwa limejaa, wote wananitazama. Niseme sioni?" fundi anajitetea hata leo, akigonga soli. "Nikatunga. Nikaona watu wamenogewa, nikaendelea."

"Basi ungetunga, lakini kwa nini umuue?" Wembe anadakia kutoka kibandani. "Kakukosea nini?"

"Ulikuwa unakaribia kwenye ndevu, ndugu yangu, na hadithi ilitakiwa kwisha. Ningeimalizaje haraka bila kumuua?"

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wembe alipiga, haikupokelewa. Ulikuja ujumbe mfupi kwamba binti yuko kazini. Jumapili ya pili, vivyo hivyo. "Hapo nikachanganyikiwa," anasema, na kwa mara ya kwanza hapandishi sauti. "Nilijua nimempoteza kwa ujinga. Mtoto anakuomba kitu kimoja tu, ukae naye, na wewe unatuma watu wakukalie."

Alivirudisha vitabu vyote mezani, akaanza upya kutoka cha kwanza. Safari hii alisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Akaanza kufunga kibanda saa sita hadi saa nane mchana. Wateja wakapiga kelele, wengine wakahamia kwa kinyozi wa barabara ya pili.

"Waende," anasema. "Nilipofika pale kwenye mvua ndiyo nilitaka kulia. Kumbe mvua ndiyo iliyobomoa daraja, yule kijana akachelewa mazishi ya baba yake! Mimi nimemlaani kijana wa watu miezi yote hiyo, kumbe dereva wa lori kairuka mvua."

Wiki kadhaa baadaye, alipomaliza kile cha tajiri wa chumvi, neno kwa neno, alipiga simu Jumapili. Safari hii ikapokelewa, kwa sauti baridi.

"Ni kweli hafi," Wembe akasema. "Nimesoma mwenyewe, na macho yananiuma. Lakini nakwambia, alistahili kufa. Anasamehe vipi watu wale?"

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Baba, wewe una roho mbaya," binti akasema, na wakaanza kubishana.

Kitabu cha kumi na mbili ndicho kinene kuliko vyote. Wembe amejitahidi, amefika katikati. Wiki mbili zilizopita binti alimpigia akiwa hoi. Mwenzake kazini ameacha kazi, sasa anabeba zamu za watu wawili, hajafungua hata ukurasa wa kwanza.

"Siwezi, baba," alisema. "Macho yanafumba yenyewe. Nisomee wewe."

"Yaani mwenye shindano lake ndiye anayeshindwa!" Wembe anarusha mikono juu akisimulia. "Mimi na uzee huu nianze upya, kwa sauti, kwenye simu! Kanipatia kweli."

Saa saba mchana, mlango wa kibanda umefungwa kwa ndani. Binti ametoka zamu, amejilaza. Simu imeegemezwa kwenye kioo, na Wembe amekaa kwenye kiti cha wateja, anasoma polepole, akirudia maneno magumu, haruki kitu. Kuna ukungu kitabuni, mwingi, na anausoma wote.

Nje mtu anagonga bati. "Wembe! Fungua bwana, tumeoza hapa!"

"Nenda kule kwingine!" anafoka, kisha anaishusha sauti yake na kuendelea na ukungu.

Baada ya kurasa mbili anasimama na kusikiliza. Kwenye simu kunatoka pumzi nzito, ya taratibu. Anaita mara moja, kwa upole, "Mama?" 

"Kalala tena," anasema, na kusonya. "Kila siku ananilalia hapa hapa. Kesho narudia ukurasa uleule."

Hakati simu. Anasogeza kiti karibu, anainama na kuendelea kusoma kwa sauti ya chini. Anapoulizwa kama atamaliza kabla ya mwaka kwisha, maana zimebaki siku chache, anamtazama muulizaji kama mtu aliyeleta mtoto mwenye chawa.

"Mwaka ukiisha kabla ya kitabu," anasema, "shauri lake mwaka."