Hotuba ya Kuwakaribisha Wakwe

Kila Jumamosi natoka Bugembe kwenda Mbale kufundisha watu wazima kuandika Kiswahili, na nafika mtaa wa Nabuyonga nimechoka hoi kabla sijashika chaki. Darasa lenyewe ni la kuazima. Madawati ni ya watoto, magoti ya wanafunzi wangu hayaingii.

Walimu wenzangu wanasema njia yangu ni ya kizembe. Kwanza tunaongea. Kisha mtu anaandika maneno machache, ovyo ovyo, anamsomea jirani yake, jirani anauliza maswali, na mwandishi anarudi kuandika upya. Kalamu nyekundu inabaki mfukoni mpaka mwisho. Wanafunzi hawa walichapwa utotoni kwa kukatakata maneno daftarini, ndiyo maana rasimu inawatia aibu, wanaifunika kwa kiganja. Kila wiki naanza tena kuwabembeleza, na kubembeleza kunachosha kuliko kuchapa.

Mama mmoja, muuza vitenge sokoni, alikuja na shida yake. Mwanawe alikuwa anaoa Mkenya. Wazazi wa binti wangekuja Mbale, na yeye mjane ndiye angesimama kuwakaribisha. Kiingereza hana, na Lumasaba, lugha yake, wao hawajui. Aliogopa wangemdharau, kisha wamhurumie binti yao.

Rasimu yake ya kwanza ilisema: Shuka. Fungua mzigo. Kaa chini. Kula. Nyamaza.

"Mama, hapa unakaribisha au unakamata?" nilimtania. Darasa zima likacheka isipokuwa yeye.

"Mwalimu, Kiswahili mimi nilisikia kwa askari tu," alisema. "Mimi mtoto, tuko na baba kwa gari. Askari akamwambia, shuka. Akashuka. Gari ikaenda, yeye alibaki."

Niliona haya. Babu yangu alikuwa askari, na nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kuitana kunywa chai. Siku ile nilitamani kufunga darasa nikalale.

Jirani yake wa dawati ndiye aliyeokoa somo. Alimwuliza, "Kwenu mgeni akifika, mnamwambia nini?" Mama akasema kwa Lumasaba, sisi tukamtafutia maneno, akaandika, akakata, akaandika tena. Wiki zikapita hivyo, mimi nikipiga miayo, yeye akiongeza sentensi moja moja. Mwishowe karatasi ilijaa heri na baraka, lakini yale maneno ya mwanzo bado yalikuwepo. Nilitoa kalamu niyafute.

"Hapana, mwalimu. Hiyo ni yangu. Wacha ikae."

Nikairudisha kalamu mfukoni. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na nilihofia wakwe wangekunja nyuso.

Siku ya harusi tulialikwa darasa zima. Gari la wageni lilisimama mlangoni, na mama akasimama mbele yake na karatasi.

"Wakwe zangu, shukeni," alisoma. "Fungueni mizigo, sisi tutaibeba. Kaeni chini, kuleni. Hapa hakuna mtu atawaambia nyamaza." Akaliangalia gari, kisha akaendelea. "Na mkitaka kwenda, mtarudi nyumbani wote. Mtu hatabaki."

Wakwe walifurahi sana, wakapiga makofi, wakidhani ndiyo desturi ya huku. Sisi wa darasani hatukuweza kupiga.